Fahali katika lugha ya wanahabari

Fahali (wingi: mafahali) ni ng'ombe dume aliyekomaa na asiyehasiwa. Katika magazeti, redio na televisheni za Kiswahili nchini Kenya, huitwa fahali pia mtu, timu au kampuni inayopimana nguvu na mpinzani wa kimo chake. Kakamega, magharibi mwa Kenya, maana zote mbili ziko hai, na mara nyingine hukutana katika taarifa moja.

Chimbuko

Matumizi ya wanahabari yametokana na methali mbili: "Mafahali wawili hawakai zizi moja" na "Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi." Ya kwanza hutoa vichwa vya habari, ya pili hufaa zaidi tahariri.

Matumizi

Katika siasa, zizi huwa chama, muungano au kaunti, na mafahali ni vigogo wanaogombea tiketi au usemi wa eneo. Katika biashara, ni kampuni zinazopigania soko au mali. Kiwanda cha sukari cha Mumias, kaunti ya Kakamega, kiliwekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi wa kampuni iliyoelemewa na madeni, mwaka 2019. Kampuni zilizotaka kukikodi zikapelekana mahakamani, na nyasi hapo walikuwa wakulima wa miwa.

Michezoni nafasi ya fahali ni ndogo, kwa kuwa timu nyingi zina wanyama wao. AFC Leopards, klabu yenye mashabiki wengi Kakamega, ni Ingwe, yaani chui. Fahali huletwa pale mtangazaji anapotaka kusema kwamba pande mbili zinatoshana nguvu.

Fahali wa Kakamega

Miongoni mwa Waisukha na Waidakho wa Shinyalu na Ikolomani, fahali hupigana na fahali mwenzake. Binadamu haingii kupambana naye kama ilivyo Uhispania. Pambano hufanyika asubuhi, katika viwanja kama Khayega na Malinya. Fahali wa mashindano hulishwa vizuri na kunolewa pembe, na siku yenyewe husindikizwa na umati unaokimbia ukiimba na kupiga ngoma za isukuti. Ngoma hizo hupigwa tatu pamoja, kubwa, ya kati na ndogo, zikiandamana na baragumu ya pembe ya swala. Mwaka 2014 UNESCO iliiingiza isukuti katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Mapambano haya pia hufanywa kumuenzi mzee aliyefariki. Fahali mmoja akigeuka na kukimbia, basi, ameshindwa.

Boni Khalwale, daktari na seneta wa Kakamega, ni mfugaji wa mafahali hao, na vyombo vya habari vimemwita kwa jina la mchezo huu kwa miaka mingi. Januari 2024 fahali wake, Inasio, alimuua mtunzaji wake. Khalwale alimuua mnyama huyo kwa mkuki, akisema ndiyo desturi. Habari ya mwanasiasa ikawa, safari hii, habari ya fahali wa kweli.

Tathmini

Wanahabari wamechukua nguvu ya fahali na ufinyu wa zizi, wakaacha jambo ambalo kila mtazamaji wa Khayega analijua: pambano lina mwisho, na fahali mmoja akikimbia, limekwisha. Mafahali wa vichwa vya habari hawamalizi ugomvi wao, na msomaji huzoea kuona siasa kama uhasama wa watu wawili.

Neno hili huficha mengine pia. Mwaka 2022 uchaguzi wa ugavana Kakamega, uliowakutanisha Fernandes Barasa na Cleophas Malala, uliahirishwa kutoka 9 hadi 29 Agosti kwa sababu karatasi za kura zilikuwa na makosa. Anayeandika juu ya mafahali wawili pekee hana pa kumweka mpigakura aliyengoja. Neno lenyewe ni tamu na ni letu, na linastahili kutumiwa kwa uadilifu: taarifa ikitaja mafahali, itaje pia wanagombania nini, na nyasi ni akina nani.