Uzi: Bakshishi za meli za kitalii na ile bendera ya Panama

Kila uchaguzi ukikaribia tunasikia jukwaani: "Vijana watapata kazi kwenye meli za kitalii!" Makofi yanapigwa. Sina shida na ahadi hiyo, mimi mwenyewe nimesafisha kabini baharini miaka miwili. Lakini mshahara unalipwa na nani? Hapo kimya. Turudi nyuma kidogo.

Mwaka 1922 Marekani ilikuwa imepiga marufuku pombe, mpaka ndani ya meli zenye bendera yake. Abiria walitaka kinywaji. Basi wenye meli mbili, Reliance na Resolute, wakazihamishia usajili wa Panama. Meli ni zile zile, bendera tu imebadilika. Ilianza na chupa (ndiyo, pombe!), lakini matajiri wa meli wakaona faida kubwa zaidi: meli hufuata sheria za bendera yake, za kazi zikiwemo. Liberia nayo ikafungua usajili wake 1948. Leo meli inaondoka Miami imejaa Wamarekani, na mhudumu wake haguswi na kima cha chini cha mshahara cha Marekani.

Hapo ndipo bakshishi inaingia. Mshahara ukiwa mdogo, abiria ndiye anaziba pengo. Zamani aliacha bahasha siku ya mwisho. Siku hizi kampuni nyingi zinaiweka kwenye bili, dola kadhaa kwa kila mtu kwa siku, na mara nyingi abiria anaweza kwenda mapokezi ikafutwa. Kuna familia iliniaga kwa kunikumbatia, watoto wanalia. Baadaye msimamizi akanionyesha orodha: walishaifuta yote. Sikuwachukia. Si wao walioniajiri.

Mtasema, kwani hakuna sheria? Ipo. Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa 2006 ulianza kutumika Agosti 2013, na Kenya iliuridhia 2014. Baharia humo ni pamoja na mpishi na msafisha kabini. Nchi ya bendera ikichagua kipimo cha mapumziko, yasipungue saa 10 kwa siku na 77 kwa wiki. Sasa piga hesabu: wiki ina saa 168. Toa 77. Zinabaki 91, na mwajiri hajavunja sheria!

Kipengele ambacho jukwaani hakitajwi ni hiki: ajenti haruhusiwi kumtoza baharia pesa ya kumtafutia kazi. Cheti cha daktari, kitabu cha baharia na pasipoti unaweza kujilipia. Viza ni juu ya mwenye meli. Mimi sikujua. Nilimpa ajenti elfu themanini, mama akiwa amekopa kwenye chama chao. Bakshishi za miezi minne ya kwanza ziliishia huko, sikununua hata simu.

Kwa hivyo mheshimiwa akija mtaani kwenu na hizo nafasi, mwulizeni mbele ya watu: meli ni ya bendera gani, mshahara ni ngapi ukiondoa bakshishi, na ajenti analipwa na nani?