Kantangaze, Msafiri wa Matenga

Mwaka 1917 Mwingereza Edward Meyrick, mwalimu wa shule aliyetumia maisha yake kuchunguza nondo wadogo, alitangaza aina mpya kutoka Huancayo, katika milima ya Andes nchini Peru. Ni nondo wa kijivu, asiyefika sentimita moja. Kwa miaka mingi wanasayansi wamemwita Tuta absoluta. Wakulima wetu humwita kantangaze.

Nyanya nayo ina ndugu zake wa porini hukohuko, kwenye miteremko mikavu inayoshuka hadi jangwa la Atacama. Karne ya 16 Wahispania waliivusha bahari kutoka Amerika, ikaenea mpaka leo mchuzi wa Tandale au Mbagala hauanzi bila nyanya. Nondo alibaki nyuma kwa karne nne.

Mwaka 2006 alionekana Hispania. Miaka miwili baadaye alikuwa Afrika Kaskazini. Mwaka 2014 aliingia Kenya, na mwaka huohuo akakutwa Ngarenanyuki, Arusha. Safari hiyo hakuiruka yote kwa mbawa zake. Sehemu kubwa alipakiwa, ndani ya nyanya, miche na vyombo vya kubebea mazao. Maadui waliomla kwao hawakupakiwa naye.

Jike hutaga hadi mayai 260. Kiwavi hujichimbia ndani ya jani, mahali dawa haimfikii vizuri, kisha huingia kwenye tunda. Mkulima hupiga dawa, hurudia, hubadilisha chupa, na mdudu huizoea. Gharama hiyo hushuka na lori hadi soko la Stereo, Temeke, kisha gengeni: bei ya fungu ileile, nyanya zimepungua. Mlaji hulipa mara ya pili iwapo zilivunwa kabla dawa haijaisha nguvu.

Kuna njia nyingine: mitego yenye harufu ya jike inayowavuta madume, kuteketeza masalia baada ya mavuno, na kupumzisha shamba kwa zao lisilo la jamii ya nyanya, maana bilinganya na mnavu pia humlisha.

Nayo matenga yasisahaulike. Likirudi shambani bila kusafishwa, tenga tupu laweza kumrudisha kiwavi aliyejibanza. Jina kantangaze linasikika kama agizo: nenda ukanitangaze. Wafanyabiashara wa nyanya ndio waliomtangaza zaidi, bila kujua.