Wali wa sikukuu umekuwa wa kila siku

Uko ubishi mmoja usiokwisha kati ya mtu wa pwani na mtu wa Nyanda za Juu Kusini, nao si wa mpira wala wa siasa. Ni ubishi wa wali. Mtu wa pwani hutaka wali wake uchambuke, kila punje isimame peke yake, na akiona punje zimekumbatiana humlaumu mpishi. Mtu wa kwetu, hasa mwenye asili ya Kyela, hutaka wali ushikane kidogo, ukubali kufinyangwa tonge, uchovywe katika mchuzi wa mbasa au wa usipa kutoka Ziwa Nyasa, na ufike kinywani bila punje hata moja kudondoka njiani. Mgeni akiwekewa sahani ya namna hiyo hucheka: "Jamani, hili bokoboko!" Mwenyeji hununa. Wala mgeni hakumbuki kwamba huko huko kwao bokoboko ni chakula cha heshima, cha ngano na nyama, kinachopikwa kwenye harusi na sikukuu.

Mimi ni mkazi wa Ilomba, hapa Mbeya, kando ya barabara kuu iendayo Zambia. Mpunga unapita mbele ya mlango wangu kwa magunia, na mashine za kukoboa nazisikia hata nikiwa kitandani. Kwa hiyo msinitegemee kuwa hakimu asiyependelea upande. Napenda wali, na napenda ule unaonata.

Kunata kwenyewe hakutokani na uzembe wa mpishi. Ndani ya punje ya mchele mna wanga wa aina mbili. Wa kwanza huitwa amilosi, nao ni kama uzi ulionyooka. Wa pili huitwa amilopektini, nao una matawi mengi kama mti. Mchele wenye amilosi nyingi hutoa wali wa kuchambuka, na wenye amilosi kidogo hutoa wali laini wa kushikana. Wenzetu wa Laos na wa kaskazini mashariki mwa Thailand wana mchele ambao karibu hauna amilosi kabisa. Huulowesha kwa saa nyingi, huupika kwa mvuke katika kikapu cha mianzi, kisha huula kwa mkono kila siku kama sisi tunavyokula ugali. Wajapani nao huutwanga ukawa kama donge la ulimbo liitwalo mochi, na kila Mwaka Mpya idara ya zimamoto ya Tokyo huwaonya wazee wakate vipande vidogo, maana wapo wanaopaliwa na kufa.

Mchele wetu wa kunukia haujafika huko, unakaa katikati. Lakini ule mpya, uliotoka shambani mwezi wa 6, hutaka maji machache kuliko uliokaa ghalani mwaka mzima. Mpishi akiweka maji yale yale aliyozoea, basi yule mgeni wa pwani anapata la kusema.

Utamu wake sina haja ya kuueleza sana. Sufuria ikishapaliwa makaa juu ya kifuniko, harufu hutoka nje ya nyumba, ikapita ua, na jirani akajua unapika mchele wa wapi. (Ingawa nadhani "mchele wa Kyela" unaouzwa Dar es Salaam kwa mwaka mmoja ni mwingi kuliko ardhi yote ya Kyela inavyoweza kuzaa.) Watoto husubiri ukoko. Na mwenye kufanya kazi ya nguvu, fundi au mbeba mizigo, sahani ya wali maharage kwa mama lishe humshibisha haraka na kumrudisha kazini.

Sasa tutazame nyuma kidogo. Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta, mzaliwa wa Tangier huko Moroko, alishuka Mogadishu. Alikaribishwa wali uliopikwa kwa samli, umepakuliwa katika sinia kubwa la mbao, na juu yake kuku, nyama, samaki na mboga. Kando yake ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa. Alisifu ukarimu. Halafu akaandika jambo la pili ambalo wasomaji wengi hulipita haraka: kwamba watu wa mji ule walikuwa wanene mno, na mtu mmoja alikula chakula cha kutosha kundi zima la wageni. Kwa hiyo habari ya utamu wa wali na habari ya uzito wa mlaji zilifika katika maandishi ya pwani yetu pamoja, katika ukurasa ule ule, miaka karibu 700 iliyopita.

Kisiwani Pemba wachimbuaji wa mambo ya kale wamekuta punje zilizoungua majikoni mwa watu wa zamani. Katika mji wa Tumbe, uliositawi kabla ya karne ya 11, nafaka kubwa ilikuwa mawele. Katika mji wa Chwaka, uliofuata, mpunga ndio ulioshika nafasi ya kwanza. Maana yake ni kwamba Wapemba walitoka kwenye mawele wakaingia kwenye mpunga polepole, vizazi kwa vizazi.

Huku kwetu safari hiyo hiyo imekwenda mbio. Wazee wa Rungwe walikula ndizi, maharage na magimbi. Wasafwa walikuwa na ulezi wao. Iringa ilikuwa nchi ya ugali, na bado ni nchi ya ugali. Mpunga ulisitawi katika bonde la Kyela na wakati wa Mwingereza ukawa zao la fedha kwa watu wa bondeni, kama kahawa ilivyokuwa kwa watu wa milimani. Katika tambarare za Usangu, Wabaluchi waliohamia huko wakati huo huo wa ukoloni walichimba mifereji na kulima mpunga wa kumwagilia. Baada ya Uhuru, katika miaka ya 1970, likaja shamba la taifa la Mbarali, lililojengwa kwa msaada wa China chini ya shirika la NAFCO. Reli ya TAZARA ikakabidhiwa mwaka 1976. Lakini hata hapo wali haukuwa chakula cha kila siku, kwa kuwa biashara ya nafaka ilikuwa mikononi mwa dola, na mtu kusafirisha magunia yake mwenyewe lilikuwa kosa. Ni kuanzia mwaka 1984, Serikali ilipoanza kulegeza vizuizi, ndipo malori ya watu binafsi yalipopata nguvu na mashine ndogo za kukoboa zikaota kama uyoga. Mashamba ya Usangu nayo yakapanuka. Na tangu mwaka 1993 Mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha. Hilo ni deni jingine la wali wetu, nalo linataka mazungumzo yake peke yake.

Nilipokuwa mtoto tulikula wali Krismasi, Pasaka na harusini. Mwanangu alikula wali shuleni, akala wali nyumbani, na Jumapili akauliza mbona leo wali tena. Kile ambacho Pemba kilichukua vizazi vingi, Mbeya kimechukua umri wa mtu mmoja.

Lakini si idadi ya siku tu iliyobadilika. Na punje yenyewe imebadilika. Wali wa sikukuu zetu ulitokana na mpunga uliotwangwa kwa kinu na mchi. Kinu huondoa kumvi, lakini huacha sehemu ya wishwa na ya kiini, kwa hiyo mchele ule ulikuwa na rangi ya kahawia kwa mbali. Mashine huusugua ukawa mweupe na kung'aa, na sisi wanunuzi tunaulipia weupe huo bei ya juu. Kinachosuguliwa tunakiita pumba, na tunawapa kuku na nguruwe.

Habari ya kuku isikieni vizuri. Mwishoni mwa karne ya 19 daktari wa Kiholanzi, Christiaan Eijkman, alikuwa Batavia, mji unaoitwa leo Jakarta, akitafuta kijidudu cha beriberi, ugonjwa unaodhoofisha miguu na moyo. Kuku wa maabara yake wakaanza kupepesuka kama wagonjwa. Baadaye wakapona wenyewe. Alipopeleleza akakuta kwamba kwa muda fulani walikuwa wakilishwa makombo ya wali mweupe kutoka jikoni mwa hospitali ya jeshi, mpaka alipokuja mpishi mpya akakataa kuwapa kuku wa raia wali wa askari. Waliporudishiwa mchele wenye wishwa, wakasimama. Mwenzake Vorderman akachunguza magereza yapatayo 100 ya Java, akaona beriberi imejaa palipoliwa mchele mweupe na ni haba palipoliwa wenye wishwa. Kijidudu hakikuwapo, kilichokosekana ni vitamini, ile iitwayo leo B1. Eijkman alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1929.

Sisi maharage, samaki na mboga vimetukinga, kwa sababu wali wetu hauliwi mtupu. Ugonjwa uliotuingilia kwa mlango huo huo ni mwingine: kisukari. Wali laini wa kunata, uliosuguliwa wishwa lote, husagika tumboni upesi, na sukari yake huingia katika damu kwa kishindo. Ule ulaini tunaoufurahia mdomoni ndio unaoifanya kazi hiyo iwe nyepesi. Mwaka 2012 jarida la madaktari la Uingereza, BMJ, lilichapisha uchambuzi wa tafiti zilizofuatilia watu zaidi ya 350,000 katika China, Japani, Marekani na Australia. Ilionekana kwamba kila sahani moja zaidi ya wali mweupe kwa siku iliambatana na ongezeko la asilimia 11 hivi la hatari ya kupata kisukari.

Hapa nchini, katika miaka ya 1980, Profesa McLarty na wenzake wa Muhimbili walipopima watu wazima vijijini walikuta wenye kisukari hawafiki asilimia 1. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2012 ulikuta asilimia 9 hivi ya watu wa miaka 25 hadi 64. Vipimo havikuwa sawa kwa kila kitu, na wa pili uliwahusisha watu wa mijini. Wala sisemi ni wali peke yake: tumeacha kutembea, tumeongeza soda na mafuta. Lakini mtu asiniambie kwamba wali haumo.

Shangazi yangu wa Kyela ni mmoja wa watu hao. Alilima mpunga maisha yake yote na kutusomesha kwa mpunga. Katika kliniki moja, ambayo sitaitaja, aliambiwa kwa ukali: "Bibi, wali uache kabisa." Alirudi nyumbani kimya. Miezi mitatu hakutia mguu kliniki. Alipokuja hapa Ilomba amekonda na kidonda mguuni, nilimwuliza kwa nini. "Mwanangu," akasema, "mtu akikuambia kazi ya mikono yako ni sumu, utarudi kwake kufanya nini?" Na wali alikuwa ameacha kweli. Alihamia ugali wa sembe, mweupe kama chaki, asubuhi na jioni, na sukari haikushuka hata kidogo. Isingeshukaje kidogo? Sembe na mchele mweupe wamepita mashine moja na kuvuliwa nguo zile zile.

Daktari wa pili alimwuliza kwanza swali ambalo wa kwanza hakuliuliza: unakula vijiko vingapi, na unakula na nini? Robo ya sahani iwe wali au ugali, akasema, nusu iwe mboga, iliyobaki maharage au samaki. Mguu ulipona.

Watu huniuliza kwa nini tusikoboe mara moja tu, mchele ubaki na wishwa. Inawezekana, mwenye mashine ukimwomba atakukobolea hivyo, japo atakutazama kama umepungukiwa. Lakini tuseme yote. Wishwa lina mafuta, kwa hiyo mchele huo huchacha upesi na mfanyabiashara haupendi. Huchukua muda mrefu jikoni, na gunia la mkaa mnajua bei yake. Na haushikani tonge kama ule mwingine. Mimi nachanganya nusu kwa nusu, na nyumbani wanavumilia.

Kuna na kiporo. Wali uliolala ukapoa, sehemu ya wanga wake hukaza na husagika polepole zaidi, kwa hiyo wali kiporo na chai si ujinga wa wazee. Ila wapo bakteria ambao mbegu zao haziuawi na moto wa kupikia. Sufuria ikilala na uvuguvugu wake huzaana, na asubuhi ni kutapika. Baridi yetu ya mwezi wa 7 si friji. Utandaze wali sahani pana upoe upesi, uufunike, uuweke penye baridi kweli, na usiupashe zaidi ya mara moja.

Shangazi nilipomsimulia habari za kinu na za daktari wa Batavia alicheka sana. "Ukitwanga mpunga wa kulisha watu kumi," akasema, "nani atakuambia ufanye mazoezi? Na nani angetwanga kila siku?" Siku hizi kipimo chake ni kikombe kimoja cha chai cha wali, maharage mengi kuliko wali, na rundo la mchicha. Ukoko bado anagombania na wajukuu.