Oili ya giaboksi ikivuja katika gari kuukuu, tafuta chanzo kabla ya kuongeza

Na Mwandishi Wetu, Mbeya

WAMILIKI wengi wa magari makuukuu yenye gia za otomatiki, waonapo madoa mekundu chini ya gari, hununua kopo la oili na kuongeza. Katika barabara za milima ya Mbeya na Iringa, mazoea hayo yanaweza kugharimu giaboksi nzima, na pengine maisha ya waliomo garini.

Katika giaboksi ya otomatiki, oili, ambayo mafundi wengi huiita haidroliki, hailainishi vyuma tu. Ndiyo inayopeleka nguvu za injini, inayobana sahani za klachi na inayoondoa joto.

Inapopungua, pampu hufyonza hewa, hasa gari linapopanda mlima na oili iliyobaki kukimbilia upande mmoja. Klachi huteleza, injini huvuma bila mwendo kuongezeka, na sahani huungua. Katika miteremko kama Kitonga mkoani Iringa au Mlima Nyoka mkoani Mbeya, dereva anaweza kukosa msaada wa gia ndogo na kubaki akitegemea breki peke yake.

Hatua ya kwanza ni kutambua kinachovuja. Oili ya giaboksi ni nyekundu ikiwa mpya, na hugeuka kahawia inapozeeka. Hata hivyo, usukani wa magari mengi hutumia oili ya aina hiyo hiyo, na maji ya rejeta ya Toyota nyingi nayo ni mekundu, ila hayana utelezi wa mafuta vidoleni.

Hatua ya pili ni kuosha giaboksi, kuikausha, kuendesha gari kwa muda mfupi, kisha kulitazama kwa kurunzi likiwa juu ya stendi imara, si juu ya jeki peke yake. Upepo wa safari husukuma oili nyuma, hivyo chanzo huwa ni sehemu iliyolowa iliyo juu na mbele zaidi, si pale tone linapodondokea.

Mara nyingi chanzo huwa gasketi ya sampo, mipira ya mabomba yaendayo kwenye rejeta, sili ya mkono wa gia au sili ya nyuma. Sili ya nyuma hubadilishwa kwa kushusha propela shafti tu katika magari yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma. Sili ya pampu, iliyo mbele, hulazimu kushusha giaboksi yote.

Aidha, sili zilizokakamaa kwa uzee husinyaa zaidi wakati wa baridi kali ya Juni na Julai, zikavuja asubuhi na kuacha injini ikipata joto. Gari lililoegeshwa kwa wiki kadhaa nalo huweza kuvuja, kwa kuwa oili hurudi kwenye sampo na kupanda hadi kwenye sili ya mkono wa gia.

Katika Mercedes-Benz W123, iliyozinduliwa mwaka 1976, oili inaweza kupungua bila tone kuonekana chini. Kiwambo cha kifaa cha kurekebisha shinikizo kikipasuka, injini huifyonza oili na kuiunguza, na moshi mweupe hutoka.

Wakati wa kubadilisha gasketi ya sampo, chujio nalo libadilishwe, na kingo za sampo zilizopinda zinyooshwe. Kupaka silikoni nyingi ni hatari, kwa kuwa vipande vyake huweza kuziba njia za oili. Bolti zikazwe kwa zamu, kwa kukingamana. Katika baadhi ya giaboksi za Mercedes-Benz na Toyota kipimo ni takriban nyutoni mita 7 hadi 8 tu. Kuzidisha nguvu hupinda sampo na kurudisha uvujaji.

Oili iwe ya aina iliyotajwa katika kitabu cha gari. Magari mengi hupimwa yakiwa mahali tambarare, giaboksi ikiwa na joto, injini ikinguruma na gia ikiwa kwenye P, lakini Honda hupimwa injini ikiwa imezimwa. Oili ikizidi hutoa povu na kumwagikia kwenye tundu la hewa, na fundi akadhani sili imekufa.

Gari likiishiwa oili njiani, mathalani kati ya Makambako na Mafinga, lisivutwe kwa kamba huku magurudumu yanayopokea nguvu yakizunguka barabarani. Katika giaboksi nyingi pampu husimama injini inapozimwa, na vyuma husagana bila oili. Lipakiwe kwenye lori, au magurudumu hayo yainuliwe.

Baada ya matengenezo, tandika boksi safi chini ya gari kwa usiku mmoja. Likibaki kavu, pima tena oili kabla ya kuanza safari ya milimani.