Njia ya Maua: Mji Uliowarudishia Watu Njia Yao

Katika kila mji mkubwa kuna njia moja inayojulikana na wote. Ndiyo njia ya maduka, ya benki na ya posta. Ndipo mtu wa kijijini hupelekwa kwanza afikapo mjini. Lakini katika miji mingi njia hiyo imekuwa mahali pa taabu. Motokari zinafuatana bila nafasi, pikipiki zinapenya kati yao, na mama mwenye mtoto mgongoni husimama ukingoni mpaka dereva mmoja amhurumie. Tumeizoea hali hiyo hata twadhani ni sheria ya dunia: njia ni ya motokari, na mwenda kwa miguu ni mgeni tu.

Sivyo ilivyokuwa zamani, wala sivyo ilivyo kila mahali. Leo twataka kuwasimulia habari za mji mmoja wa Brazili uliofunga njia yake kuu, motokari zisipite, ukawarudishia watu wa miguu. Kisha tutaeleza habari za mji mwingine, wa Marekani, uliotangulia kufanya vivyo hivyo, lakini mwishowe ukarudisha motokari. Tukilinganisha miji hii miwili tutajifunza neno.

Njia yenye majina matatu

Mji wa kwanza ni Curitiba, kusini mwa Brazili, katika jimbo la Paraná. Wareno waliuweka rasmi tarehe 29 Machi 1693, wakaukabidhi kwa Bikira Maria wa Mwanga. Hata leo kanisa kuu la mji lina jina lake. Kwa muda mrefu ulikuwa mji mdogo tu, kituo cha watu waliopita na makundi ya ng'ombe na nyumbu kutoka kusini. Mwaka 1853 Paraná ilitengwa na jimbo la São Paulo, na Curitiba ikawa mji mkuu wake. Utajiri ukaja kwa majani ya mate, ambayo watu wa inchi zile huyanywa kama sisi tunavyokunywa chai. Wakaja na wageni kutoka Ulaya, Wadachi na Wapolandi, Waitalia na Waukraini, wakalima na kufungua maduka.

Njia kuu ya mji huo hapo zamani iliitwa Rua das Flores, maana yake Njia ya Maua. Mwaka 1880 Kaizari Pedro wa Pili alifika Paraná pamoja na mkewe, Teresa Cristina, na kwa heshima ya mama huyo njia ikaitwa Njia ya Malkia. Jina hilo halikudumu miaka kumi. Tarehe 15 Novemba 1889 Kaizari aliondolewa, Brazili ikawa Jamhuri, na njia ikapewa jina la siku ile: Rua XV de Novembro.

Tangu 1887 mabehewa yaliyovutwa na nyumbu yalianza kuchukua watu mjini, na tangu 1913 mabehewa ya umeme. Mwaka 1912 Chuo Kikuu cha Paraná kilianzishwa, nacho nyumba yake kubwa inautazama uwanja ulio kwenye njia hiyo. Hivyo wanafunzi, wachuuzi, mahakimu na watumishi wote walikutana hapo. Njia ilikuwa sebule ya mji.

Kisha zikaja motokari. Mwaka 1940 Curitiba ilikuwa na watu kama 140,000. Mwaka 1970 walizidi 600,000. Wenye magari walikuwa wengi, na njia ni ile ile waliyoiacha mababu. Watu wengi waliona dawa ni moja tu: kubomoa nyumba za kale na kupanua njia. Na kweli, miji mingi ya dunia ilifanya hivyo, ikapoteza uso wake.

Siku tatu za mwezi wa tano

Lakini walikuwako Curitiba watu waliofikiri namna nyingine. Mwaka 1965 mji uliweka ofisi ya kuchunguza na kupanga ujenzi wake, na mwaka 1966 ukakubali mpango mpya. Mpango ulisema: tusiuache mji unenepe pande zote kama tumbo, tuuongoze ukue kwa kufuata barabara chache ndefu, na mabasi yapite humo, nako katikati tupaachie watu wa miguu. Mpango ulikuwa mzuri, lakini ulikaa katika karatasi.

Mwaka 1971 Jaime Lerner alifanywa mkuu wa mji. Alikuwa na miaka 33, kazi yake ni kuchora majumba. Wazazi wake walikuwa Wayahudi waliotoka Polandi, wakawa na duka katikati ya mji, naye alikua akiwatazama wapita njia. Hakuchaguliwa kwa kura. Siku zile Brazili ilitawaliwa na askari, tangu 1964 hata 1985, na wakuu wa miji mikuu ya majimbo waliwekwa tu. Jambo hilo tusilisahau, maana tutalirudia.

Wenye maduka wa Rua XV waliposikia kwamba njia itafungwa, waliogopa sana. Walisema: wateja wetu wenye fedha huja kwa motokari; wasipopata pa kuisimamisha mlangoni, watakwenda kwingine, nasi tutafunga milango na kuwaachisha watumishi wetu. Ndugu wasomaji, tusiwacheke. Mtu anayelisha watoto wake kwa duka ana haki ya kuuliza mpango utamfikisha wapi. Tutaona mbele kwamba katika miji mingine hofu ya namna hii haikuwa ya bure.

Lerner mwenyewe alisimulia baadaye jinsi alivyofanya. Aliuliza wakuu wa kazi za mji: kazi hii itachukua muda gani? Wakajibu: miezi. Akakataa. Wakabishana, wakapunguza, mpaka wakafika saa 72. Alijua kwamba kazi ikikawia, wenye maduka watakimbilia baraza la hukumu kuisimamisha, na watu hawataona lolote ila vumbi na mashimo. Basi walingoja siku ya tano ya juma, tarehe 19 Mei 1972, jioni, baraza la hukumu lilipokwisha kufunga milango. Wakaja wafanyakazi na mashine, wakang'oa lami, wakapanga mawe, wakaweka taa, viti na masanduku ya maua. Walifanya kazi usiku na mchana. Watu waliporudi kazini siku ya kwanza ya juma, hawakuikuta njia waliyoiacha.

Watoto na rangi

Mji ukagawanyika. Wengine walifurahi, wengine walikasirika. Kulikuwa na wenye motokari waliopatana kuja siku ya posho na kuingia na magari yao kwa nguvu. Mkuu wa mji angeweza kuwaita askari. Hakuwaita. Alitandaza karatasi ndefu juu ya mawe ya njia, akawaita watoto waje na rangi wachore. Wenye motokari walipofika, walikuta watoto wamepiga magoti njiani, wanachora. Nani atapitisha gari hapo? Wakageuka, wakaenda zao. Tangu siku hiyo kuchora kwa watoto siku ya posho asubuhi kukawa desturi ya njia ile.

Na wale wenye maduka? Lerner alisimulia kwamba mmoja wao, aliyekuwa mbele katika kuandika barua ya kupinga, alimjia akampa barua hiyo pamoja na sahihi zake zote. Akamwambia aiweke kama ukumbusho, maana sasa wenye maduka wanataka kazi iendelee mpaka mbali zaidi. Walikuwa wameona kwa macho yao. Mtu aliye ndani ya motokari hupita mbele ya duka bila kuliona; mtu wa miguu husimama, hutazama, huuliza bei, na mara nyingi huingia.

Njia ikarudishiwa jina lake la kale, Njia ya Maua. Ilikuwa njia kubwa ya kwanza ya namna hii katika Brazili. Mwaka 1973 waliweka hapo behewa moja la zamani, ili mama anayekwenda kununua vitu aweze kuwaacha watoto wake humo, wakicheza na kutunzwa. Baadaye behewa hilo likafanywa nyumba ya kusomea vitabu. Ni jambo dogo, lakini laonyesha kwamba waliopanga njia walimfikiria mama mwenye watoto.

Mwaka 1974 yakaja mabasi yenye njia yao wenyewe, ambamo motokari haziruhusiwi kuingia. Tuliangalie sana jambo hili. Mji haukuwafungia watu mlango mmoja bila kuwafungulia mwingine. Mfanyakazi wa pembeni mwa mji, asiye na gari, aliweza kufika katikati upesi, akashuka karibu na Njia ya Maua, akatembea.

Sauti ya watu

Mwisho wa njia hiyo kuna mahali ambapo wanaume wamezoea kusimama, kunywa kahawa na kubishana juu ya siasa, mpira na habari za watu. Pameitwa kwa mzaha Boca Maldita, yaani Kinywa Kilicholaaniwa. Tarehe 12 Januari 1984 watu makumi ya maelfu walikusanyika hapo kudai kwamba rais wa inchi achaguliwe kwa kura za wananchi wote. Ulikuwa mmoja wa mikutano mikubwa ya kwanza ya madai hayo, kabla hayajaenea Brazili nzima. Mwaka ule bunge halikukubali; lakini mwaka 1985 utawala wa askari ulikwisha, na mwaka 1989 wananchi walimchagua rais kwa kura zao.

Hapo historia yatufundisha jambo la ajabu. Njia ilifungwa kwa amri ya mkuu ambaye watu hawakumchagua, wakati wa serikali isiyopenda mikutano. Lakini watu walipopewa mahali pa kusimama, walipatumia kusema waliyo nayo moyoni. Na tangu 1991 nyumba kubwa ya hapo, iitwayo Palácio Avenida, imejulikana kwa nyimbo za Noeli: watoto husimama katika madirisha yake na kuimba, na umati wa watu husikiliza chini.

Njia ya Kalamazoo

Sasa twende Marekani. Huko katika jimbo la Michigan kuna mji uitwao Kalamazoo. Tarehe 19 Agosti 1959, miaka karibu 13 kabla ya Curitiba, mji huo ulifunga sehemu ya njia yake ya maduka, Burdick Street, ukapanda miti na majani. Ilikuwa ya kwanza ya namna hiyo katika Marekani. Aliyeushauri mji alikuwa Victor Gruen, mzaliwa wa Vienna, aliyekimbia utawala wa Hitler mwaka 1938. Ndiye pia aliyechora Southdale huko Minnesota, lililofunguliwa mwaka 1956: maduka mengi chini ya paa moja, nje ya mji, yamezungukwa na viwanja vya kusimamisha motokari.

Miji mingi ya Marekani ikaiga. Njia zilizofungwa namna hiyo zilifika kama 200. Lakini nyingi zilifunguliwa tena. Kalamazoo ilirudisha motokari katika sehemu ya njia yake mwaka 1998. Fresno, katika California, ilifunga njia yake mwaka 1964 kwa mpango wa Gruen huyo huyo, ikaifungua mwaka 2017.

Kwa nini? Si kwa sababu miti ilikuwa mibaya au viti vichache. Watu wenye fedha walikuwa wamehamia nje ya mji, katika nyumba ambazo bila motokari huwezi kutoka. Masoko yaliyofanana na Southdale yaliwafuata huko. Gruen alikuwa ameishauri Kalamazoo ijenge na barabara ya kuuzunguka mji, na viwanja vya magari kando ya njia iliyofungwa. Mji ulichukua kipande kimoja tu cha mpango, ukaacha vingine. Hivyo njia ilibaki safi, yenye kivuli, lakini wapitao wakapungua. Wenye maduka walioogopa hapo walikuwa na haki.

Tuseme nini basi?

Kwanza, kufunga njia ni kazi ya siku tatu, lakini kuifanya iishi ni kazi ya miaka. Curitiba haikuponywa na maua yake. Iliponywa kwa sababu watu walikuwa na namna ya kufika, na wengi walikuwa wakikaa, kusoma na kufanya kazi karibu.

Pili, anayeogopa asidharauliwe. Aonyeshwe kwa matendo, na kama hofu yake ina sababu, sababu hiyo iondolewe kwanza.

Tatu, mpango usikatwe vipande. Anayejenga ukuta mmoja na kuacha mitatu asishangae mvua ikiingia ndani.

Sisi nasi, miji yetu inakua upesi, na siku moja wakuu watatuuliza kama tunataka njia pana zaidi. Kabla ya kujibu, tuwaulize nao: mtu asiye na motokari atafika kwa nini? Mchuuzi mdogo atauzia wapi? Mtoto atavuka wapi? Jaime Lerner alifariki mwaka 2021. Wale watoto waliopiga magoti na rangi zao mwaka 1972 wamekwisha kuwa wazee, na katika Njia ya Maua watu wangali wanatembea.