Uzani wa kiasi waweza kunoa sevu ya tenisi

KATI ya mipigo yote ya tenisi, sevu ndiyo pekee ambayo mchezaji huipiga bila kumtegemea mpinzani. Huurusha mpira mwenyewe, huchagua wakati na kuamua utue wapi. Hata hivyo, ndiyo inayowatatiza wengi, kwa kuwa huhitaji karibu viungo vyote vya mwili vifanye kazi kwa zamu katika muda mfupi mno.

Nguvu za sevu hazianzii mkononi. Huanzia miguuni, magoti yanapokunjwa na kunyooshwa, kisha hupanda hadi kwenye nyonga, kiwiliwili, bega, kiwiko na hatimaye kifundo cha mkono. Kiungo kimoja kikichelewa, bega hulazimika kufidia upungufu huo. Hapo ndipo majeraha huzaliwa.

Mazoezi ya kuoanisha viungo kwa uzani hulenga kurekebisha mfuatano huo. Tofauti na kunyanyua vyuma, nia si kutunisha misuli bali kuufunza mwili kuhisi mwendo. Asiyetumia miguu na kiwiliwili huelemewa na uzito mara moja, naye akalitambua kosa lake.

Mazoezi yenyewe huweza kupangwa kwa hatua tatu, baada ya kupasha misuli joto:

Kwanza, mchezaji hushika kwa mikono miwili mpira mzito wa mazoezi wa kilo moja au mbili, hukunja magoti na kuurusha juu na mbele.

Pili, huchukua raketi iliyoongezwa uzani kidogo kichwani na kuigiza sevu polepole bila mpira. Raketi ya kawaida ya mtu mzima huwa na takriban gramu 300, hivyo gramu chache tu kwenye ncha iliyo mbali na mkono huhisika sana.

Tatu, hurejea raketi yake ya kawaida na kupiga sevu halisi, ili mwendo aliojifunza uingie mchezoni.

Marudio sita hadi manane kwa kila hatua yanatosha, mara mbili kwa wiki.

Tahadhari ni muhimu. Uzani ukizidi, mwendo hubadilika na mchezaji huishia kujifunza mpigo mwingine kabisa. Vilevile, raketi huhisi nyepesi baada ya ile nzito, lakini hisia hiyo si ithibati kwamba mkono umeongeza kasi.

Misuli ya nyuma ya bega, ambayo huuzuia mkono baada ya mpira kupigwa, nayo iimarishwe kwa kuvuta mpira wa kunyumbulika. Watoto ambao mifupa yao ingali inakua wasiongezewe uzani kwenye raketi. Anayehisi maumivu begani au kiwikoni akome na kumwona daktari.

Mmarekani John Isner, mwenye urefu wa mita 2.08, alipiga sevu ya kilomita 253 kwa saa katika Kombe la Davis mwaka 2016. Chipukizi wa humu nchini, ambao wengi wao walitiwa ari na Angella Okutoyi aliposhirikiana na Mholanzi Rose Marie Nijkamp kutwaa taji la wasichana wawili wawili Wimbledon mwaka 2022, hawana haja ya kuikimbilia kasi hiyo. Bega lililojeruhiwa utotoni huweza kuukatiza mchezo kabla haujaiva.