REUBENI ALICHELEWA

Fungu la kusoma: Mwanzo 37:18–30

  

Leo tumtazame Reubeni. Ndugu zake walipotaka kumwua Yusufu kule Dothani, yeye hakukubali. Aliwashauri wamtupe shimoni tu, na moyoni alikusudia kumtoa baadaye na kumrudisha kwa baba yao. Nia yake ilikuwa njema, lakini aliificha moyoni. Ndugu wakaketi kula chakula chao. Msafara wa wafanya biashara ukapita, na kijana akauzwa kwa vipande 20 vya fedha. Reubeni aliporudi, shimo lilikuwa tupu. Akararua nguo zake. Lakini nguo iliyoraruliwa haimrudishi mtu aliyekwisha kupelekwa Misri.

Tukumbuke pia kwamba waliomwuza Yusufu hawakuwa wageni. Walikuwa ndugu zake, wa nyumba moja na meza moja.

Katika historia ya kanisa katika nchi yetu tunawaona akina Reubeni waliochelewa, na tunawaona pia watu waliosema mapema. Tuanze pwani, ambako jambo hili lilianza kulijaribu kanisa.

Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini. Mwaka 1875 misheni ya CMS ikaanzisha kijiji cha Freretown, karibu na Mombasa, kuwapokea watu waliookolewa majahazini. Lakini mkataba ule haukuwaweka huru waliokuwa tayari mashambani mwa mabwana wao. Hao wakaanza kutoroka, na wengi wakakimbilia Rabai. Mabwana wakaja juu, wakiwadai watu wao. Wamisionari wengine waliogopa vita, wakaona heri kuwakataa watoro.

Huko Rabai alikuwako mtumishi wa Mungu aitwaye William Jones. Yeye mwenyewe alichukuliwa utumwani akiwa mtoto, akaokolewa, akasomeshwa India, kisha akarudi Afrika kuhubiri. Mtu kama huyo hakuhitaji kuelezwa maana ya mtoro anayebisha mlangoni usiku. Rabai ikawa makimbilio. Mwishowe, tarehe 1 Januari 1889, mabwana walilipwa fidia, na watoro zaidi ya 1,400 waliokuwa katika vituo vya misheni wakapewa hati za uhuru. Sheria katika Kumbukumbu la Torati 23, inayokataza kumrudisha mtumwa aliyekimbia, ilitimizwa kwa macho ya watu.

Lakini tusisifu pasipo kusema kweli yote. Kule Freretown, mwanzoni mwa miaka ya 1880, iligunduliwa kwamba waliookolewa walikuwa wakipigwa viboko vikali na msimamizi wa misheni. Mtu alitolewa mkononi mwa bwana mmoja, akamkuta bwana mwingine ameshika Biblia. Hili ni onyo kwa kila nyumba ya rehema hata leo.

Sasa tutoke pwani, tupande hadi huku kwetu kwenye chai.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, serikali ya kikoloni ilitwaa ekari 25,000 za ardhi ya Wakipsigis, ikawapa maofisa Waingereza waliojeruhiwa vitani walime kitani. Mradi ule ulianguka. Katikati ya miaka ya 1920 yakaja makampuni makubwa ya chai. Chai inataka mikono mingi, tena kila siku, kwa maana jani halimngoji mtu. Watu wakatafutwa huku kwetu na kote Nyanza. Kodi ya kibanda ilikuwa inadaiwa, na palipokosekana mtu mzima, mtoto alikwenda. Vidole vyake vidogo vilifaa kwa kuchuma, na mshahara wake ulikuwa mdogo kuliko wa baba yake. Sheria ya kazi ya mwaka 1937 ilikubali mtoto wa miaka 10 aandikwe kazi.

Hatusemi kwamba kila mtoto aliyechuma chai aliuzwa. Wengi walifuatana na wazazi wao, na kwa fedha ile nyumba ziliishi. Lakini mtoto wa miaka 10, akiwa mbali na mama yake, hana wa kumtetea.

Katika Nyanza alikuwako Arkidikoni Walter Edwin Owen wa CMS. Mwaka 1923 alikuwa amewasaidia watu kuunda chama cha walipa kodi, ili maneno yao yafike serikalini kwa utaratibu. Walowezi hawakumpenda. Walimgeuzia cheo chake kwa mzaha, wakamwita pepo badala ya arkidikoni. Yeye hakunyamaza. Mwaka 1938 aliandika katika gazeti la Manchester Guardian, Uingereza, juu ya watoto wa Kenya na sheria ile ya miaka 10. Walionunua chai dukani wakasoma habari za waliyoichuma. Mwaka ule ule serikali ililazimika kuunda kamati ya kuchunguza kazi za watoto.

Kazi ya watoto haikuisha siku ile. Lakini tazameni tofauti: Reubeni alikusudia mema kimya kimya, Owen aliuliza kwa sauti, kungali mapema, naye alikuwa tayari kuchukiwa.

Na sisi je? Misafara ingali inapita. Siku hizi haiji na ngamia. Huja na shangazi wa mbali anayetaka msichana wa kumlelea mtoto Nairobi, akiahidi kumpeleka shule. Huja na wakala mwenye karatasi za kazi Arabuni. Huja kwa simu: tangu mwaka 2022 vijana wa Kenya walioahidiwa kazi nzuri Thailand wamejikuta wamefungiwa Myanmar, wakilazimishwa kuwalaghai watu kwa kompyuta, hata serikali ikabidi iwarudishe. Na hapa hapa kwetu, Februari 2023, BBC ilitangaza habari za wanawake wa mashamba ya chai ya Kericho ambao wasimamizi waliwadai miili yao ndipo wapewe kazi. Nchi nzima ilishtuka. Lakini tukiri mbele za Mungu: wengine wetu tulikuwa tumesikia minong'ono, tukaendelea na chakula chetu.

Sheria sasa ipo. Sheria ya mwaka 2010 ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu inaweka adhabu ya kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili. Nayo yasema kwamba mtu akidanganywa ili atumikishwe, kukubali kwake hakumwondolei mkosaji hatia. Lakini polisi hayupo kila njia panda, na kanisa lipo karibu kila kijiji.

Basi tufanye mambo matatu. La kwanza, tuulize mapema. Mtoto akitaka kuchukuliwa, wazee wa kanisa na akina mama waulize: Anakwenda kwa nani? Nyumba ipi? Shule ipi? Nani atampigia simu Jumapili? Mtu mwema hatachukia kuulizwa. La pili, tuseme. Nambari ya simu 116 hupokea habari za watoto walio hatarini, bila malipo. Chifu yupo, na ofisi ya watoto ipo. La tatu, tumpokee anayerudi. Msichana akirudi kutoka Nairobi au Arabuni mikono mitupu, labda na mimba, tusimwulize zile fedha ziko wapi. Yako mashirika kama HAART Kenya, lililoanzishwa mwaka 2010, yanayofundisha vijijini na kuwatunza waliookolewa. Lakini baada ya nyumba ya makimbilio, mtu hurudi kwao, na kwao ni kwetu. Tumpe cherehani, au karo, au nafasi katika kwaya, wala tusimfanye kuwa ushuhuda wa kila Jumapili. Anayo haki ya kunyamaza.

Mungu aliyageuza mabaya ya Yusufu kuwa mema. Lakini neema ile haikumpa Reubeni udhuru wa kuchelewa.

Tuombe. Ee Baba, unawajua kwa majina wote waliochukuliwa. Utusamehe kwa kuwa tulikula huku ndugu yetu akilia shimoni. Utupe kinywa cha kuuliza kungali mapema, na mlango wa kumfungulia anayerudi usiku. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.